Chumba cha kulala katika riwaya kali za uhalifu

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu wa sekondari, naishi Tanga. Marehemu kaka yangu, aliyekuwa baharia, aliniachia sanduku la riwaya za uhalifu za Kimarekani, nyingi za miaka ya 1930 hadi 1950, zenye majalada ya bastola na wanawake waliovaa nguo nusu. Nilikusudia kuzigawa, lakini nimejikuta nazisoma mpaka usiku wa manane. Riwaya za mapenzi za siku hizi, ambazo hueleza kila kitu, huzifunga baada ya kurasa chache. Hizi, ambazo hazielezi hata nusu yake, ndizo zinazonishika. Ni nini hasa kinachonivuta? Je, ni fasihi kweli, au ni uchu tu uliovishwa koti la upelelezi? Na mimi kama mwanamke niwatazame vipi wanawake wa humo, ambao ama wanauawa ama wanaua?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Nashukuru kwa swali lako, na nashukuru zaidi kwa kuwa umelichunguza jambo lenyewe kabla ya kulionea haya. Wanaosoma vitabu hivi ni wengi, wanaokiri ni wachache, na wanaojiuliza kwa nini ni wachache zaidi.

Jibu langu, nikilifupisha, ni hili. Riwaya hizi ziliandikwa na watu waliojikataza kutuambia wahusika wao wanahisi nini. Humo huzuni haitajwi kwa jina lake, wala majuto, wala upendo. Yupo mtu anayewasha sigara, anayeweka glasi mezani, anayetazama nje ya dirisha na kujibu swali jingine badala ya lile aliloulizwa. Lakini hisia haifutiki kwa kunyamaziwa. Ikifungiwa mlango wa maneno hutafuta pa kutokea, na katika ulimwengu ambamo kila mdomo unadanganya, pa kutokea palipobaki ni mwilini. Kwa hiyo katika riwaya iliyo bora ya aina hii tukio la chumbani halikuwekwa ili msomaji apumzike kati ya risasi na risasi. Hapo ndipo mhusika analazimika kusema kweli bila kutaka, au ndipo uongo wake unapofikia kilele. Wewe unasoma kurasa hizo kama hakimu anayemsikiliza shahidi, na ashiki iliyomo ni sehemu ya ushahidi wenyewe. Nadhani hicho ndicho kinachokukesha.

Mtindo huo una chimbuko lake. Jarida la hadithi la Black Mask lilianzishwa Marekani mwaka 1920, mwaka uleule marufuku ya pombe ilipoanza kutekelezwa nchini humo, na kuanzia mwaka 1926 lilikuwa chini ya mhariri Joseph Shaw, aliyewahimiza waandishi wake wapunguze maneno na kuacha vitendo vibebe hadithi. Mwandishi aliyeupa mtindo huo uhai kuliko wote ni Dashiell Hammett, ambaye kabla ya kushika kalamu alikuwa mpelelezi wa shirika la Pinkerton. Kazi ya mpelelezi wa namna hiyo ilikuwa kuandika taarifa kwa ajili ya mteja: fulani ametoka nyumbani saa fulani, amekutana na fulani, wamekaa muda kadhaa, wameachana. Hakulipwa kwa kukisia yaliyomo moyoni mwa mtu. Alilipwa kwa kile ambacho jicho limekiona na ambacho angeweza kukiapia mahakamani. Hammett aliichukua nidhamu hiyo ya taarifa akaitia katika hadithi, na hapo ukazaliwa usimulizi unaomtazama mtu kutoka nje tu, bila kufungua kichwa chake hata mara moja. Wasomaji wake waliishi katika miji ambamo wauza pombe ya magendo walikula sahani moja na polisi, kwa hiyo kutoamini maneno ya mtu yeyote, awe na cheo au asiwe nacho, kulikuwa kwao jambo la kawaida.

Tazama mtindo huo unavyofanya kazi katika The Maltese Falcon, kitabu cha mwaka 1930 ambacho naamini hakikosekani sandukuni mwako. Mpelelezi Sam Spade, wa San Francisco, anafuatwa na mteja wa kike ambaye hubadili majina kama abadilivyo nguo, na ambaye baadaye tunamjua kama Brigid O'Shaughnessy. Kila anachosema ni uongo. Akibanwa anakiri kwamba amedanganya, kisha anadanganya upya. Katikati ya kitabu wanalala pamoja. Juu ya tendo lenyewe Hammett haandiki hata neno moja: sura moja inakatika palepale wanapokumbatiana, na inayofuata inaanza alfajiri, Spade akiinuka kitandani na mwanamke akiwa bado katika usingizi mzito. Anachofanya mwanamume huyu baada ya hapo ndicho kinachoifanya sura hiyo isisahaulike. Anavaa kimyakimya, anachukua ufunguo wa mwanamke, anakwenda mpaka kwenye fleti yake na kuipekua yote, droo kwa droo. Akimaliza anakwaruza komeo la dirisha la jikoni kwa kisu ili ionekane kwamba mwizi amepitia hapo. Njiani anaporudi ananunua vyakula, anaurudisha ufunguo alikoutoa, kisha anamwandalia mwanamke kifungua kinywa.

Hatuambiwi alikuwa akiwaza nini. Je, alilala naye kwa sababu alimtamani, au alilala naye ili apate ufunguo? Je, alimtamani kwanza na wazo la ufunguo likamjia alfajiri? Na chai ile ya asubuhi, ni upendo, ni dhamiri inayomsuta, au ni kifuniko cha wizi? Mwandishi mwingine angetusaidia kwa sentensi moja ya kueleza. Hammett anatunyima sentensi hiyo, na kwa kutunyima anatulazimisha tulitazame tendo la mapenzi kwa jicho la upelelezi: tunapima mwendo wa mkono, tunahesabu muda, tunajiuliza nani alipata nini usiku ule. Ashiki na uchunguzi vimekuwa kazi moja. Karibu na mwisho wa kitabu, noti moja ya dola 1,000 inapopotea, Spade anampeleka mwanamke huyuhuyu bafuni na kumtaka avue nguo zote ili athibitishe kwamba hajaificha mwilini. Mwili uleule uliokuwa wa mahaba sasa unapekuliwa kama mzigo forodhani, ilhali aliyeiba noti ni mtu mwingine kabisa. Ni tukio baya, linalotia uchungu, na hakuna maelezo yoyote ya uchungu huo ndani yake. Kila ninapolisoma huona kwamba hapo ndipo mapenzi yao yanapokufa, kurasa kadhaa kabla Spade hajamkabidhi kwa polisi kwa mauaji ya mshirika wake wa kazi.

Hammett alijua anachokifanya. Mwaka 1929, mhariri wa shirika la Knopf lililokuwa likijiandaa kukichapisha kitabu hicho alimwandikia kwamba sehemu za kulala pamoja, na zile zinazohusu mapenzi ya wanaume kwa wanaume, afadhali zibadilishwe, kwani zingefaa pengine katika riwaya ya kawaida lakini si katika riwaya ya upelelezi. Hammett alijibu kwamba angependa ziachwe zilivyo. Pingamizi pekee aliloliona ni kwamba hakuna aliyekuwa amejaribu jambo hilo katika riwaya ya upelelezi, na yeye alitaka kujaribu. Katika jibu hilo naona chanzo cha kila kitu unachokisoma usiku. Kabla yake, hadithi ya upelelezi ya Kiingereza ilikuwa fumbo la sebuleni, na tamaa ya mwili ilitajwa mwishoni kama sababu ya mauaji, kwa adabu, kama mtu atajavyo deni. Baada yake tamaa iliingia ndani ya mwendo wa hadithi na kukaa humo.

Aliyeifikisha mbali zaidi ni James M. Cain. Yeye hakuwa mpelelezi. Alikuwa mwandishi wa habari, na katika miaka ya 1920 aliandika tahariri katika gazeti la New York World. Wakati huohuo jiji zima la New York lilikuwa likifuatilia kesi ya Ruth Snyder, mama wa nyumbani wa Queens ambaye mwezi Machi 1927, pamoja na hawara wake Judd Gray, mfanyabiashara wa nguo za ndani za kike, alimuua mumewe baada ya kumkatia kwa siri bima iliyokuwa ikilipa maradufu kwa kifo cha ajali. Wote wawili waliuawa kwa kiti cha umeme katika gereza la Sing Sing mwezi Januari 1928, na mpigapicha mmoja aliyeficha kamera kifundoni mwa mguu alimpiga Ruth Snyder picha katika dakika yake ya mwisho. Kesho yake picha hiyo ilijaa ukurasa wa mbele wa gazeti la Daily News. Kilichomshika Cain katika kesi hiyo ni kwamba wapenzi hao wawili, waliodai kupendana hata kuua, waligeukiana na kila mmoja akamtupia mwenzake lawama mara tu polisi walipowatenganisha.

Kutokana na hilo aliandika The Postman Always Rings Twice, kitabu kifupi sana kilichotoka mwaka 1934. Kama kimo sandukuni mwako na hujakisoma, ruka aya hii na inayofuata, kwa maana siwezi kukueleza nguvu yake bila kufichua mwendo wake. Frank, mzururaji asiye na kazi wakati wa anguko kubwa la uchumi, anafika kwenye mkahawa wa kandokando ya barabara huko California, unaomilikiwa na Mgiriki mkarimu aitwaye Nick. Anamwona mke wa Nick, Cora, na anabaki. Frank mwenyewe ndiye anayesimulia, na sentensi zake ni fupi, hazina pambo, na mazungumzo yanakwenda kurasa nzima bila hata kuambiwa nani amesema. Wanapoamua kumuua Nick, jaribio la kwanza linaharibika kwa sababu paka amepanda ngazi na kuleta hitilafu katika umeme, taa zikazimika. La pili linafanikiwa, usiku, katika barabara ya milimani. Nick amelewa na anaimba kwa sauti kubwa ili asikie mwangwi unaorudi kutoka bondeni; Frank anampiga wakati wimbo umekatika, na mwangwi wa sauti yake unarudi baada ya mwenye sauti kwisha kufa. Hakuna sentensi ya hofu hapo. Mwangwi umetosha.

Kisha unakuja ukurasa ambao ndio hasa uliofanya kitabu kishtakiwe Boston kwa uchafu. Ili ionekane kwamba gari limepata ajali, Frank anapaswa kumpasua Cora nguo na kumpiga usoni, na katika kumpiga huko tamaa inawashika wote wawili, palepale, karibu na maiti. Cain anaandika tukio hilo kwa mistari michache. Linashtua kuliko kurasa 50 za maelezo, kwa sababu linatuonyesha jambo ambalo wahusika wenyewe hawalijui: kwamba kwao mapenzi na mauaji yameshikana kiasi kwamba mkono hauwezi tena kutofautisha pigo na papaso. Yanayofuata yote yameshatabiriwa hapo. Mwendesha mashtaka anawatenganisha, Frank anasaini hati ya kumshtaki Cora, Cora anatoa ungamo la kumtaja Frank, na wakili wao anawaokoa kwa kuzifanya kampuni za bima zipige hesabu na kuona kwamba kulipa ni nafuu kuliko kuthibitisha mauaji. Wanatoka mahakamani wakiwa huru, wana fedha, na kitanda ni kilekile, lakini kila mmoja analala akijua kwamba mwenzake aliwahi kumuuza. Hapo Cain ananikubalisha kwamba tamaa inaweza kuwaunganisha watu kwa nguvu kuliko kitu chochote na bado isiweze kujenga imani ya siku moja. Sijui riwaya nyingi za mapenzi zilizothubutu kulisema hilo kwa ukali huo.

Sasa nirudi kwenye jambo ulilolieleza vizuri sana, kwamba vitabu vinavyoeleza kila kitu hukuchosha. Siungani na wanaosema kwamba kuficha ni bora daima. Cain anaonyesha mengi kuliko Hammett na hapungui nguvu. Tofauti iko kwingine. Riwaya nyingi za ashiki za leo huutaja mwili, halafu hutaja hisia za mwili, halafu hutaja hisia za moyo, halafu hutueleza maana ya yote hayo, mpaka msomaji hana kazi iliyobaki. Zile za sandukuni mwako zinakupa kazi. Zinakuachia pengo kati ya sura na sura, na wewe unaliziba kwa ujuzi wako wa watu, na Mwalimu aliyekaa na vijana na wazazi wao miaka yote hiyo ana ujuzi mwingi wa kuzibia.

Ni haki kusema pia kwamba baadhi ya mapengo hayo yalichongwa na sheria na soko, bila mwandishi kuulizwa. Studio ya MGM ilinunua haki za riwaya hiyo ya Cain mapema sana, lakini kanuni za maadili za Hollywood, zilizoanza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934, ziliichelewesha filamu yao hadi 1946. Katika riwaya ya kwanza ya Raymond Chandler, The Big Sleep ya mwaka 1939, duka la vitabu adimu ni kivuli cha biashara ya kuazimisha vitabu vya uchafu kwa wateja wenye majina makubwa, na sehemu kubwa ya uhalifu inazunguka hapo: kwa kuwa kitu kilikuwa haramu kusomwa, kulikuwa na fedha katika kukiazimisha kwa siri. Mwaka huohuo wa 1939 kampuni ya Pocket Books ilianza kuuza vitabu vya jalada laini kwa senti 25, na muda si mrefu vikawa vinauzwa kwenye maduka ya dawa na vituo vya mabasi, mahali ambapo mnunuzi huchagua kwa macho. Majalada unayoyaona sandukuni yalitengenezwa kwa ajili ya macho hayo. Mara nyingi mwanamke aliyechorwa nje hafanani na aliyemo ndani, na tukio lililochorwa halimo kabisa. Mwaka 1952 kamati ya Baraza la Wawakilishi la Marekani, chini ya mbunge Ezekiel Gathings, ilifanya vikao kuhusu vitabu vya namna hiyo na kuvilaani. Usikihukumu kitabu chochote cha sanduku hilo kwa jalada lake, kwa ubaya wala kwa uzuri.

Umeuliza kama ni fasihi au ni uchu uliovishwa koti. Yote mawili yamo sandukuni, na kuna njia ya kuyatenganisha. Liondoe tukio la chumbani katika mawazo yako, kisha uliza kama uhalifu bado unasimama. Ukiuondoa usiku ule wa Spade na Brigid, ufunguo unapotea, bafuni panapoteza uchungu, na kitendo cha kumkabidhi kwa polisi kinakuwa kazi ya ofisi. Ukiondoa tamaa kwa Cain, hakibaki hata kitabu. Lakini zipo riwaya, na katika miaka ya 1950 ni nyingi mno, ambamo kila baada ya kurasa kadhaa mwanamke anaingia, anavua, anasahaulika, na upelelezi unaendelea kama vile hakuna aliyeingia. Hizo unaweza kuzigawa kwa moyo mweupe.

Lipo kundi la tatu ambalo linanitatiza zaidi kuliko hilo la pili, nalo ni la vitabu ambavyo tamaa na ukatili vimeunganishwa kwa ustadi lakini kwa lengo la kumfurahisha msomaji kwa maumivu ya mwanamke. Riwaya ya kwanza ya Mickey Spillane, I, the Jury ya mwaka 1947, iliyouzwa kwa mamilioni ilipotolewa kwa jalada laini, inamalizika kwa mpelelezi kumpiga risasi mwanamke anayemvulia nguo mbele yake, na kitabu kinataka tushangilie. Mwanamke huyo ni muuaji, kweli, na mpelelezi alimpenda, kweli; lakini linganisha na Spade, ambaye anapomkabidhi Brigid anahesabu sababu zake moja baada ya nyingine kama mtu anayejizuia asianguke, na tunaona gharama anayoilipa. Kwa Spillane hakuna gharama. George Orwell, katika insha yake ya mwaka 1944 kuhusu riwaya ya Mwingereza James Hadley Chase, alikiri kwamba kitabu kile kimeandikwa kwa ustadi mkubwa, halafu akakishutumu kwa sababu kinaabudu nguvu: mwenye nguvu ndiye mwenye haki, na kumuumiza mnyonge ni starehe. Nakubaliana naye, ingawa naona alipuuza tofauti kati ya mwandishi anayeonyesha ukatili na anayeuandalia karamu. Ukihisi, Mwalimu, kwamba kitabu kinakualika ufurahie kipigo, hisia yako hiyo ni ya kuaminiwa, na huna deni la kukimaliza.

Kuhusu wanawake wa humo, ningekuomba uwasome pamoja na umaskini wao. Cora alitoka Des Moines, katika jimbo la Iowa, baada ya kushinda shindano la urembo. Alifika Hollywood akitumaini filamu, akaishia kuwapelekea watu chakula mezani katika mgahawa wa hali ya chini, na Nick alikuwa mlango wake wa kutokea. Anachokitaka hasa, na anakisema wazi, ni kazi na kuwa mtu wa maana. Ni Frank anayetaka kuzurura. Akimwacha mumewe hana nyumba wala mtaji, na mkahawa ambao amepika ndani yake kila siku si wake. Cain hamtetei wala hahubiri, lakini hesabu hiyo ameiweka mezani, na msomaji wa kike mara nyingi huiona kabla ya msomaji wa kiume. Katika riwaya hizi mwili ndio mali pekee ambayo mwanamke ameachiwa, na tunapomwona akiitumia kwa ujanja tunaambiwa yeye ni nyoka, ilhali wanaume wanaomzunguka wanatumia bastola, beji na fedha na kuitwa wagumu tu.

Wanawake wenyewe waliliona hilo na kuliandikia. Mwaka uleule wa 1947 Spillane alipotoka na kitabu chake, Dorothy B. Hughes alichapisha In a Lonely Place, riwaya inayotufungia ndani ya macho ya mwanamume anayewawinda wanawake usiku mjini Los Angeles. Kwa kutuweka nyuma ya macho yale, Hughes anatufanya tuuone utazamaji wenyewe ulivyo: jinsi unavyoanza kama kuvutiwa, ukageuka kuwa madai, kisha ukawa chuki. Na wanaomtambua mtu huyo alivyo ni wanawake, kwa kumwangalia kwa makini, wakati rafiki yake mpelelezi wa polisi anakaa naye meza moja. Karibu nusu karne baadaye, mwaka 1995, Vicki Hendricks alichukua mkondo wa Cain na kumpa mwanamke usimulizi katika Miami Purity: msimulizi wake, aliyekuwa akicheza uchi katika baa, anaajiriwa kwenye duka la kufulia nguo na kumtamani mwanamume kwa ukali uleule ambao Frank alimtamani Cora. Kitabu hicho kiko wazi kuliko vyote nilivyovitaja, na nakuonya mapema, lakini ndani yake tamaa ya mwanamke si mtego wa kumnasa mtu. Ni yake mwenyewe, na inamponza mwenyewe.

Huenda umejiuliza kwa nini mambo ya California yakuguse Tanga. Sisi tulipokea njia zote mbili, ile ya fumbo la sebuleni na hii ya bastola. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale iliyochapishwa mwaka 1960, ni mtu wa fumbo na kiko, ndugu wa wapelelezi wa sebuleni, na humo siri za ndoa na uzazi ni vidokezo vya kufumbuliwa kwa akili iliyotulia. Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeingia mwaka 1974 na Kufa na Kupona, ni mtu wa bastola, ndege na wanawake, na vijana wa wakati ule walikuwa wakisoma pia nakala zilizochakaa za James Hadley Chase, Mwingereza aliyeiandika Marekani kwa msaada wa ramani na kamusi za lugha ya mitaani. Kaka yako, kama alikuwa baharia miaka hiyo, alikuwa na wenzake wengi. Ninachokiona ni kwamba waandishi wetu wa mkondo wa pili walipokea bastola na kitanda, lakini mara chache walipokea ule ukimya wa Hammett. Shujaa wao hutuambia anavyojisikia, na mahaba yake huwa tuzo ya ushujaa badala ya kuwa hatari inayoweza kumwangusha. Kijana yeyote anayeandika riwaya ya uhalifu kwa Kiswahili leo ana shamba pana hapo ambalo halijalimwa, kwa sababu lugha yetu ina utamaduni mrefu wa kusema jambo la mwilini kwa kulizunguka, kuanzia nyimbo za unyago hadi taarabu, na ukimya wa namna hiyo si mgeni kwetu.

Mwisho, kwa vitendo. Anza upya na Hammett, na ukifika pale sura ya usiku inapokatika, funga kitabu kwanza ujiandikie kwenye karatasi unachoamini kimetokea kati ya watu wale wawili na kwa nini. Kisha endelea, uone ni mara ngapi utalazimika kubadilisha ulichoandika. Fuata na Cain kwa siku moja, maana kimeandikwa kisomwe kwa mkao mmoja. Halafu Hughes, mara tu baada ya Cain, kabla macho ya Frank hayajakutoka. Cha Spillane kisome ukipenda, angalau ujue mamilioni walikuwa wakinunua nini. Binti au mwanafunzi wako wa zamani akikuomba sanduku hilo, mpe cha Hughes kwanza, na mkae mzungumze kabla hajachukua cha pili.